Mtoto Hastahimili Peke Yake

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 2022, kengele za shule zililia tena kote nchini Uganda baada ya ukimya wa karibu miezi 22. Shule hizo zilikuwa zimefungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya Korona. Madarasa ya mitihani yalirudishwa mwezi wa Oktoba mwaka huo, na mengine yakafuata kidogo kidogo, lakini mwezi wa Juni 2021 milango ikafungwa tena. Hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu namna hiyo, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na jambo hilo.

Asubuhi ile walimu walifungua daftari za mahudhurio wakaanza kuita majina. Majina mengine yaliitikiwa kwa sauti nzito, kwani wavulana walioondoka wangali wadogo walirudi wamebalehe. Majina mengine hayakuitikiwa kabisa. Katika muda ule mrefu watoto wengi walikuwa wamejifunza kufyatua matofali, kuchimba dhahabu, kukata miwa na kuuza karanga barabarani. Walikuwa wamezizoea pesa, na dawati limekuwa jambo geni kwao. Wasichana wengi walikuwa wameozwa au wamezaa. Hata walimu wenyewe walipungua, maana wale wa shule za binafsi walikaa bila mshahara, na baadhi yao wakageuka kuwa madereva wa bodaboda au wachuuzi, wasirudi tena.

Kabla ya siku hiyo, Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikuwa imekisia kwamba wanafunzi 30 katika kila 100 huenda wasirudi. Nao waliorudi walikuja na mzigo usioonekana kwa macho: huzuni ya kufiwa, aibu, hasira, na hofu ya kuchekwa na wenzao. Kitabu cha hesabu chaweza kufunguliwa pale pale kilipofungwa, lakini moyo wa mtoto haufunguliwi hivyo. Ndiyo maana swali lililowakabili walimu na wazazi halikuwa lile la masomo tu. Lilikuwa hili: mtoto aliyepitia mambo mazito husaidiwa namna gani asimame tena?

USTAHIMILIVU SI UGUMU WA NGOZI

Watu wengi, wakisikia neno ustahimilivu, humfikiria mtoto asiyelia. Hudhani kwamba wako watoto waliozaliwa na moyo wa chuma, na wengine waliozaliwa dhaifu, na kwamba kazi ya mkubwa ni kumkaza mtoto mpaka azoee shida. Mawazo hayo hayana msingi. Mtoto asiyelia huenda ana nguvu, lakini huenda pia amekata tamaa ya kusikilizwa.

Ustahimilivu wa kweli ni uwezo wa kuanguka na kuinuka, kukasirika na kutulia, kushindwa mtihani na kurudi kesho yake kuuliza swali. Uwezo huo hujengwa, kama misuli inavyojengwa kwa kazi na chakula. Tena haujengwi na mtoto peke yake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa miaka mingi mbali sana na Afrika Mashariki, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii. Wataalamu wawili, Emmy Werner na Ruth Smith, waliwafuatia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, tangu uchanga hata wakawa watu wazima wenye watoto wao. Karibu theluthi moja ya watoto hao walikulia katika hali ngumu sana: umaskini, magomvi ya nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Wengi katika kundi hilo walipata matatizo makubwa walipokua. Lakini mmoja katika kila watatu wao aliinukia vyema, akawa mtu wa kazi, mwenye upendo na mwenye kujiamini.

Watafiti walipotafuta sababu, waliona kwamba hawa walioinukia vyema karibu wote walikuwa wamepata walau mtu mmoja mzima aliyewajali bila kuyumba. Wengine walimpata kwa bibi au babu, wengine kwa shangazi, wengine kwa jirani. Na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwalimu. Hakuhitaji kuwa tajiri wala msomi mkubwa. Alihitaji kuwapo, kumjua mtoto kwa jina, na kuonyesha kwamba anamtazamia mema.

Katika nchi za Kiafrika jambo hilo si geni. Kwa Waganda, msichana alikuwa na ssenga, yaani shangazi yake, ambaye alikuwa mshauri wake katika mambo ambayo hangeweza kumwambia mama. Mahali pengine palikuwa na somo, au babu wa kusimulia hadithi jioni penye moto. Leo shangazi yuko mjini, babu yuko shambani mbali, na mtoto hukaa shuleni tangu alfajiri mpaka jioni. Kama shule haitachukua sehemu ya kazi ile, hapana mwingine atakayeichukua.

FIMBO NA HOFU

Hapa ndipo linapokuja suala la fimbo. Wazee wengi husema, "Sisi tulichapwa na tukakua." Ni kweli walikua. Lakini walikua kwa sababu ya fimbo, au kwa sababu palikuwa na mtu aliyewapenda licha ya fimbo?

Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Hata hivyo sheria ni jambo moja na mazoea ni jingine. Katika wilaya ya Luwero, kaskazini ya Kampala, watafiti waliwauliza wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi habari za maisha yao ya shule. Zaidi ya 90 katika kila 100, wavulana kwa wasichana, walisema kwamba wamewahi kupigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule. Wasichana waliokuwa wameumizwa katika juma lililotangulia walionekana kuwa nyuma zaidi katika masomo. Basi kama fimbo ingekuwa dawa ya ujinga, wasichana hao wangekuwa wa mbele.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtoto anapoogopa, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa, na akili yote hugeukia jambo moja tu: kujiokoa. Akili iliyo katika hali hiyo haina nafasi ya kujumlisha sehemu wala kukumbuka majina ya mito. Mtoto hutazama mkono wa mwalimu, hatazami ubao.

Shirika moja la Kampala liitwalo Raising Voices, lililoanzishwa mwaka 1999, lilitunga mpango wa kuzisaidia shule ziache mazoea hayo kwa hatua sita. Katika mpango huo walimu wawili na wanafunzi wawili huchaguliwa kuongoza wenzao; wazazi huitwa; sheria za shule hutungwa kwa mashauriano na kubandikwa ukutani; wanafunzi huwa na kamati zao; na adhabu hugeuzwa kuwa namna ya kurekebisha kosa. Shule huweza kuchagua miongoni mwa shughuli zaidi ya 60, na nyingi kati ya hizo hazihitaji fedha.

Mpango huo ulijaribiwa katika shule 42 za Luwero kati ya mwaka 2012 na 2014. Shule 21 ziliufuata, na 21 nyingine zikangoja zamu yao. Baada ya miezi 18, katika shule zilizongoja, wanafunzi 49 katika kila 100 walisema kwamba wameumizwa na mtumishi wa shule katika juma lililopita. Katika shule zilizoufuata walikuwa 31. Hawa wa pili pia walisema kwamba wanajiona salama zaidi na wanafurahia zaidi kuwapo shuleni.

Ni vema kuusema ukweli wote. Alama za masomo hazikupanda katika miezi hiyo 18, wala dalili za majonzi na wasiwasi hazikupungua. Tena 31 katika 100 bado ni wengi mno. Somo lake ni kwamba kuondoa fimbo ni kusafisha shamba tu. Mkulima aliyefyeka magugu bila kupanda mbegu hatavuna kitu. Kuna kitu ambacho hapana budi kipandwe mahali pa hofu.

MBEGU TANO

Kitu hicho ndicho kinachoitwa na wataalamu elimu ya hisia na mahusiano. Nchini Marekani ilianza kupewa jina hilo mwaka 1994, lakini mambo yenyewe ni ya kale kama utu. Hugawanywa katika mafungu matano.

La kwanza ni kujitambua: mtoto aweze kusema "nina hasira" au "nina hofu" badala ya kurusha jiwe. La pili ni kujitawala: aweze kungoja, kuvuta pumzi, na kumaliza kazi aliyoianza. La tatu ni kuwatambua wengine: aone kwamba mwenzake aliyekaa kimya huenda hakula tangu jana. La nne ni kuishi na watu: kusikiliza, kushirikiana, kuomba radhi na kusamehe. La tano ni kuamua kwa busara: kujiuliza, kabla ya kutenda, nani ataumia.

Wako wanaodhani kwamba mambo hayo ni kupoteza wakati wa masomo. Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi uliokusanya matokeo ya mipango 213 ya namna hiyo, iliyowahusu wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wa Marekani. Wanafunzi waliofundishwa mambo hayo walipungua ugomvi, na katika masomo pia waliwapita wenzao. Kwa mfano, mwanafunzi wa katikati, aliyekuwa wa 50 kati ya 100, angesogea hata karibu na nafasi ya 39. Ni kweli Marekani si Luwero. Lakini mtoto aliyetulia husoma vizuri kuliko mtoto aliyefadhaika, na hilo halina mpaka wa nchi.

Uganda yenyewe imeanza kuelekea huko. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mwanafunzi afunzwe kushirikiana, kuwasiliana na kujisomea mwenyewe. Mtaala umeandikwa, mwenye kuutia uhai ni mwalimu.

DARASA LA WATOTO MIA

Mwalimu mwenye watoto mia katika chumba kimoja atauliza, na ana haki ya kuuliza, atawezaje kumjua kila mmoja. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1997, madarasa ya Uganda yamefurika. Hata hivyo yako mambo yasiyohitaji fedha wala chumba kikubwa.

Mwalimu asimame mlangoni asubuhi na awasalimu watoto wakiingia. Salamu ya nusu dakika humwonyesha mtoto yupi uso wake umebadilika tangu jana. Dakika kumi za kwanza watoto wasimame katika makundi madogo, na kila mmoja aseme neno moja juu ya hali yake ya siku hiyo. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Awapo mtoto ambaye hakuitika jina lake siku mbili, watoto wa kijiji chake watumwe kuuliza habari zake, naye akirudi apokewe kwa furaha, asipokewe kwa kejeli.

Sanduku la karatasi ngumu, lenye tundu juu, litundikwe mahali ambapo mtoto aweza kutia kijikaratasi bila kuonekana. Lakini sanduku hilo lifunguliwe kila juma na majibu yatolewe, kwani sanduku lisilofunguliwa hufundisha watoto kwamba kusema hakufai kitu.

Kosa linapotendeka, swali la kwanza lisiwe "Nani apigwe?" bali "Nani ameumia, na kosa litengenezwe vipi?" Aliyevunja kiti asaidie kukitengeneza. Aliyemtukana mwenzake amtake radhi, na kesho wakae pamoja kufanya kazi moja. Adhabu ya namna hiyo huchukua muda zaidi ya viboko vitatu, lakini mtoto hutoka humo akiwa amejifunza kitu.

Michezo, ngoma, nyimbo na maigizo visihesabiwe kuwa anasa. Katika mpira mtoto hujifunza kushindwa bila kupigana. Katika igizo aliyeonewa aweza kusema kwa kinywa cha mtu mwingine yale asiyothubutu kuyasema kwa kinywa chake.

Na katika kila shule awepo mwalimu mlezi, wa kike kwa wasichana na wa kiume kwa wavulana, kama ulivyo utaratibu wa Uganda, ambaye mtoto anaruhusiwa kumwendea bila kuogopa. Mlezi huyo ayatunze maneno ya mtoto. Siri ya mtoto ikigeuzwa kuwa hadithi ya chumba cha walimu, hakuna mtoto mwingine atakayekuja. Siri isiyoweza kuwekwa ni moja tu: ile ya mtoto anayeumizwa. Hiyo lazima ifikishwe kwa wenye mamlaka, naye mtoto aambiwe mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa.

NYUMBANI

Kazi yote hiyo itabomoka ikiwa nyumbani panabomoa. Wazazi wengi humuuliza mtoto swali moja tu afungapo shule: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto aliyekuwa wa arobaini hujifunza upesi kuficha karatasi. Ni heri mzazi aulize pia: "Leo umecheza na nani? Ni jambo gani lililokutatiza? Mwenzako aliyeugua amepona?" Kwa maswali hayo mtoto huona kwamba anathaminiwa kwa utu wake pamoja na nafasi yake darasani.

Mtoto apewe kazi ndogo ya nyumbani inayomfaa umri wake, kama kulisha kuku au kuteka maji ya kunywa, na aachiwe aimalize mwenyewe hata akichelewa. Akikosea asiaibishwe mbele ya wageni. Mzazi aliyemkaripia mtoto bila haki asione haya kumwambia, "Mwanangu, nilikosea." Heshima yake haipungui kwa neno hilo, bali huongezeka, na mtoto hujifunza kuomba radhi kwa kuona, wala si kwa kuhubiriwa.

Zipo dalili ambazo mzazi na mwalimu wasizipuuze: mtoto mkubwa kuanza kukojoa kitandani, mchangamfu kuwa bubu, mpole kuwa mgomvi, kusinzia darasani kila siku, kukataa kwenda mahali fulani au kumkimbia mtu fulani. Hayo mara nyingi huitwa utukutu au kurogwa. Huenda ni kilio kisicho na sauti. Kwanza mtoto asikilizwe bila kukatizwa wala kuhojiwa kama mwizi. Ikionekana ameumizwa, basi asiachwe mikononi mwa mwalimu mmoja au shangazi mmoja. Katika uchunguzi wa Luwero watoto 434 walipelekwa kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto kwa sababu ya mambo waliyoyaeleza walipoulizwa. Nchini Uganda ipo simu ya bure ya namba 116, iitwayo Sauti, ambayo mtu yeyote aweza kuipiga kwa ajili ya mtoto aliye hatarini.

USTAHIMILIVU USIWE KISINGIZIO

Hata hivyo, neno ustahimilivu lisitumiwe kama blanketi la kufunikia uzembe wa wakubwa. Mtoto mwenye njaa hahitaji kufundishwa kuvuta pumzi; anahitaji uji. Msichana aliyezaa hahitaji kusifiwa ujasiri huku akifungiwa lango. Shule zilipofunguliwa mwaka 2022 zilielekezwa kuwapokea wasichana wa namna hiyo, na kila mahali ambapo bibi alikubali kumshika mtoto mchanga, na wanafunzi wakaonywa wasimcheke mwenzao, msichana aliweza kurudi. Hapo ustahimilivu ulikuwa wa msichana, lakini nusu yake ilikuwa ya bibi, ya mwalimu na ya darasa zima.

Naye mwalimu ni mtu. Mwalimu asiyelipwa kwa wakati, anayekaa mbali na kazi yake, na ambaye hajaulizwa na yeyote kama amelala vema, atapata wapi subira ya kuwasikiliza watoto mia? Wakuu wa shule na kamati za wazazi wanapopanga habari za madawati na mabati, wapange pia namna ya walimu kukutana na kusaidiana katika mambo yanayowalemea. Mtungi mtupu hauwezi kujaza vikombe.

Waganda husema, "Akakyama amamera, tekagololeka," yaani kilichopinda wakati wa kuota hakinyooshwi. Waswahili nao husema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hizo zimetumiwa kwa miaka mingi kuitetea fimbo, lakini maana yake ya ndani ni nyingine: wakati wa mtoto ni mfupi, na mkono unaomshika wakati huo hauna budi kuwa imara na wa upole.

Daftari ya mahudhurio ingali ikifunguliwa kila asubuhi katika kila shule. Kuna mwalimu aitaye jina, asipoitikiwa akatia alama ya msalaba na kuendelea na la pili. Kuna mwingine ambaye, kengele ya mwisho ikilia, hushika njia ya kwao mtoto huyo akaulize habari zake. Mtoto yule hatasahau kwamba siku aliyokosekana palikuwa na mtu aliyemtafuta.